Aliyeumwa na Nyoka: Hotuba kwa Wazazi na Walezi, Tanga

(Maneno haya niliyasema Jumamosi katika ukumbi wa kata. Mwenyekiti ameniomba niyaandike yote kwa ajili ya waliokuwa msibani na waliokwenda shamba. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, shikamooni. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Mama zangu mliowahi viti vya mbele, ahsanteni. Na nyinyi vijana wa bodaboda mliosimama mlangoni ili mkipigiwa simu mchomoke, karibuni pia. Leo hasa nimewafuata nyinyi.

Nimekuja kusema juu ya kiwewe, jeraha la moyoni analolipata mtu utotoni likamfuata mpaka ukubwani. Nianze na baiskeli.

Baba yangu alikuwa na baiskeli ya Phoenix. Alifanya kazi korona, pale mkonge unaposindikwa, na jioni alirudi akiikokota kipande cha mwisho kwa sababu ya mchanga. Baiskeli ikikokotwa, gurudumu la nyuma lina mlio wake: tiki-tiki-tiki-tiki. Tuliusikia tangu ikiwa kwenye minazi ya jirani. Na mlio ule ulikuwa na lugha. Ukija kwa haraka, baba yuko salama, pengine na mkate kaleta. Ukija tiki… tiki… kimya… tiki, baba amepitia kilabuni. Hapo mama anashusha utambi wa taa, dada anamvuta mdogo wetu uani, na mimi nina kazi yangu: kuokota viatu vyote mlangoni. Kwa nini viatu? Kwa sababu baba akijikwaa, kuna mtu atalipia. Nilikuwa na miaka saba, na zamu ile niliishika kama askari.

Baba alishafariki. Baiskeli iliuzwa zamani. Sasa nisikilizeni. Nina miaka arobaini na miwili, muuguzi, baba wa watoto watatu, nimekaa barazani kwangu na kikombe cha kahawa. Akapita muuza samaki anakokota baiskeli. Tiki… tiki… kimya… tiki.

Nilijikuta nimesimama. Kahawa imemwagika. Na mkononi, wallahi, nimeshika kandambili za mwanangu.

Mnacheka. Hata mimi nilicheka, lakini baadaye. Siku ile nilitetemeka. Nikajiuliza, nawauliza na nyinyi: ni nani aliyeziokota zile kandambili? Muuguzi wa miaka arobaini na miwili? Yule anajua kabisa baba yake amezikwa wapi.

Wahenga walimaliza kazi hii kabla ya madaktari. Walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akina mama wasusi, ung'ongo mnaujua, ni ujani tu, hauna meno wala sumu. Na wahenga hawakusema mtu huyo ni mjinga. Hawakusema hutazama, hufikiri, kisha huamua kushtuka. Walisema hushtuka, basi. Mguu umeshaondoka, akili inafuata nyuma na viatu mkononi.

Ndani ya ubongo kuna kitu kidogo chenye umbo la lozi, huitwa amigdala. Ni mlinzi. Akiona dalili ya hatari hapigi hodi kwenye akili kuomba ruhusa. Anapiga kengele, adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, damu inakwenda miguuni, tumbo linasimamisha kazi. Kengele ikiendelea inafuata kotisoli, homoni ya kuuweka mwili macho. Yote haya ni neema ya Mungu, ng'ombe akikukimbiza utashukuru. Shida inakuja kwa mtoto ambaye kengele yake inapigwa kila jioni, mwaka baada ya mwaka, na ubongo wenyewe bado unajengwa. Mlinzi wake anajifunza kulala na jicho moja wazi. Anajifunza milio, nyayo, harufu ya gongo, namna mlango unavyofungwa. Na hakuna siku anaitwa akaambiwa: bwana, vita vimekwisha, rudisha silaha.

Tazameni minazi pale ufukweni ilivyoinama. Ilikua na upepo wa bahari. Usiku upepo ukitulia, umeona mnazi ukisimama wima?

Kuna watu watasema, aa, wale ni damu yao, ukoo mzima una hasira. Na hilo limechunguzwa. Kule Montreal, Kanada, mtafiti Michael Meaney na wenzake walitazama panya. Wapo panya mama wanaowalamba watoto wao sana, na wapo wanaolamba kwa uchache. Watoto wa hao wanaolamba kwa uchache walikua na woga, mwili ukiingia taharuki upesi na kuchelewa kutulia. Haya, ni damu? Wakachukua watoto wa mama anayelamba kwa uchache wakampa mama anayelamba sana awalee. Wakakua watulivu. Damu ni ile ile, kilichobadilika ni ulimi wa mlezi. Panya si binadamu, najua, lakini tangu niisome habari hiyo sikusema tena "ndivyo ukoo wao ulivyo".

Ndugu zangu, la pili ninalotaka kusema ndilo lililonichukua miaka mingi kulielewa, nitakaa nalo. Kile mnachokiita tabia mbaya ya mtu mzima, mara nyingi kilikuwa dawa. Ilimwokoa akiwa mdogo, na mpaka leo anaimeza.

Mwaka 1985, mji wa San Diego huko Marekani, daktari mmoja, Vincent Felitti, aliendesha kliniki ya watu wenye unene wa kupindukia. Wagonjwa walipungua kwelikweli. Lakini akaona jambo la ajabu: walioacha kliniki wengi walikuwa wale wanaofanikiwa. Mtu kapungua vizuri, anatoweka. Akaanza kuwaita mmoja mmoja na kuwauliza maswali yale yale ya kidaktari: ulizaliwa na uzito gani, ulianza shule na uzito gani. Siku moja ulimi ukateleza. Alitaka kumuuliza mama mmoja alikuwa na umri gani alipokutana na mwanamume mara ya kwanza, akajikuta ameuliza alikuwa na uzito gani. Yule mama akajibu: paundi arobaini.

Paundi arobaini ni kama kilo kumi na nane. Nyinyi mnaopeleka watoto kliniki, mtoto wa kilo kumi na nane ana miaka mingapi? Minne, mitano. Na aliyemfanyia ni baba yake.

(Hapo ukumbi ulinyamaza. Nami nilinyamaza nao kidogo.)

Felitti alipoendelea kuuliza akakuta habari za namna hiyo nyingi mno. Ikamfungukia kwamba kwa wengi wao unene haukuwa ugonjwa, ulikuwa ukuta. Mwili mkubwa macho ya wanaume yanaupita. Sasa daktari anakuja na mizani yake kubomoa ukuta, na anashangaa mwenye nyumba anakimbia!

Akaungana na Robert Anda, mtaalamu wa kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa. Wakauliza watu wazima zaidi ya 17,000, wengi wao watu wa kipato cha kati wenye bima ya afya, juu ya utoto wao: kupigwa, kutukanwa, kuingiliwa, kutelekezwa, mama kupigwa mbele yao, mlevi nyumbani, mgonjwa wa akili, mzazi aliyefungwa, wazazi kuachana. Karibu theluthi mbili walikuwa na angalau moja. Mtu mmoja kati ya wanane alikuwa na manne au zaidi. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1998, na yalionyesha kwamba hawa wa manne na kuendelea, ukiwalinganisha na wasio na hata moja, hatari yao ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua ilikuwa mara 4 hadi 12. Na si akili tu: magonjwa ya moyo, ya mapafu, ya ini, saratani, yote yalipanda pamoja na hesabu ile.

Msije mkarudi nyumbani mkaanza kuhesabiana. "Mume wangu ana sita!" Anda mwenyewe na wenzake waliandika mwaka 2020 kuonya kwamba hesabu hii inapima umma, haimpigii mtu mmoja ramli. Wapo wenye saba ambao ni watu watulivu kuliko mimi.

Nirudi hapa kwetu. Kuna mama nilimhudumia miaka iliyopita, nimebadilisha mambo ya pembeni asitambulike. Ana duka la jumla, unga na sukari. Alikuja kwa vidonda vya tumbo. Namuuliza anakulaje, anasema haraka, nesi, watu wakifika katikati ya sahani mimi nimeshaosha mkono. Tukazoeana. Siku ya tatu au ya nne akafunga mlango mwenyewe, akasema nina jambo la aibu. Chini ya kitanda ana kopo kubwa la maziwa ya unga, na ndani ya kopo maandazi. Anayaweka usiku mumewe akilala. Mengine yameota ukungu. Mume alilikuta, akamwita mchoyo, akamwita mwizi wa watoto wake mwenyewe.

"Nesi, mimi mwizi?"

Nikamuuliza kopo lilianza lini. Wazazi wake walikufa akiwa na miaka tisa, akachukuliwa na ndugu mjini. Alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kula, baada ya kusugua masufuria. Siku nyingine chakula chake ni ukoko. Siku nyingine hata ukoko hakuna, na hapo andazi moja lililofichwa kwenye kanga lilikuwa ndiyo tofauti kati ya kulala na kukesha. Akaniambia maneno ambayo sijayasoma kwenye kitabu chochote: "Mimi najua nina duka la unga. Mkono haujui."

Sikumwambia alitupe lile kopo. Ungemwambia wewe? Nilimwomba amhadithie mumewe habari ya ukoko, basi. Ilimchukua miezi miwili. Mume alilia, akaenda sokoni akarudi na chombo kipya chenye mfuniko, wakakiweka kabatini mahali anapokiona akiwa kitandani. Mara ya mwisho nilipouliza, bado kipo, na maandazi bado yamo. Ila sasa ni ya siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo kijana anayelipuka abiria akimgusa begani, mwanamke asiyeweza kuombwa radhi akaamini, mzee anayekagua makomeo mara tano kila usiku, mfanyakazi anayejichekeshachekesha mbele ya bosi hata akitukanwa, kabla hujasema ana matatizo gani, uliza hii dawa ilikuwa ya ugonjwa upi.

Sasa tufike penye ugumu. Tuna msemo wetu, mnausema kila siku: mavi ya kale hayanuki. Mtu akitaka kusema kilichompata utotoni tunamwahi, yameshapita hayo, mavi ya kale hayanuki. Nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka ishirini. Yananuka. Tumeyazoea tu, kama mtu wa soko la samaki asivyosikia harufu ya soko.

Na si ya watu wachache. Mwaka 2009 nchi yetu ilifanya utafiti wa taifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, matokeo yakatangazwa 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Na karibu robo tatu ya wote walioulizwa, wa kike kwa wa kiume, walipigwa ngumi, mateke, viboko, na watu wazima au wapenzi wao. Hesabuni safu mliyokaa. Sisemi mseme kitu, hesabuni tu.

Hivi, mtoto wa kilo kumi na nane akiumizwa, akaenda kwa mama, mama akamziba mdomo, "usiseme, utatuvunjia nyumba", ameumizwa mara ngapi? Mimi nasema mara mbili, na ya pili ndiyo inayodumu. Ya kwanza inamfundisha kwamba kuna mtu mbaya. Ya pili inamfundisha kwamba hakuna mtu mzuri.

Hapa pwani kuna jambo nataka niligusie kwa heshima, na masheikh na wachungaji mnisamehe. Mwanamke akipandisha, tunasema ana pepo, anapelekwa kwa fundi, ngoma inapigwa. Mimi si mtu wa ngoma. Lakini nilipokuwa kijana nilihudhuria ya jirani yetu, nikasikia yule fundi anauliza: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Na yule mama, ambaye kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kumaliza sentensi mbele ya mumewe, akaongea nusu saa nzima. Nilipokuja kusomea ushauri nasaha nikamkumbuka. Ilibidi awe pepo ndipo aulizwe anataka nini.

Haya, najua yupo mzee hapa moyoni anasema: sisi tulichapwa na tumekuwa watu. Mmoja alinirushia hilo juzi, akaongeza samaki mkunje angali mbichi. Mzee, shikamoo. Nakubali tumekuwa watu. Lakini watu gani? Mbona mwanao wa miaka thelathini na tisa, wewe ukiingia sebuleni, yeye anatokea mlango wa uani? Sisemi kila kofi ni kiwewe, nitakuwa muongo. Mtoto anatazama mambo matatu: anajua kwa nini, anajua itaisha saa ngapi, na ana pa kukimbilia. Akiyakosa yote matatu, huyo hakunjwi, anavunjwa. Na samaki aliyevunjika mwiba hata ukimpika anajulikana.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeiona, mheshimiwa.

Je, tumekwisha? Aliyeinama ameinama? Hapana, na hili silisemi kuwafariji. Katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii, mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuata watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, wakawafuata mpaka wakiwa watu wa makamo. Wengine walizaliwa penye kila balaa: umaskini, ulevi, ugomvi, wazazi wagonjwa wa akili. Theluthi moja ya hao wa kwenye balaa walikua watu wazima wazuri, wenye kazi na upendo. Walipotafuta walichokuwa nacho, mojawapo lilikuwa mtu. Mtu mmoja asiyeyumba. Bibi, mjomba, mwalimu, jirani. Mimi wangu alikuwa mama mmoja muuza vitumbua aliyenipa kimoja kila asubuhi na kuniuliza, "Umelalaje?" Hakuniuliza baba amerudije. Umelalaje, basi. Miaka minne.

Na wakubwa je? Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006, akiwa hana wataalamu wala vyumba, akawafundisha akina bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza. Kwa Kishona ugonjwa wanauita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Si ndiyo sisi tunasema "ana mawazo"? Mpango huo ulipopimwa, matokeo yakachapishwa 2016, waliokaa na bibi kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na hapa hapa kwetu, Moshi, pamoja na Bungoma kule Kenya, mradi ulioitwa Pamoja Tunaweza uliwachukua watoto 640 waliofiwa na wazazi, nusu yao wakakaa kwenye vikundi wiki kumi na mbili na washauri ambao si madaktari, watu wa kawaida waliofunzwa. Watoto walisimulia walivyofiwa. Kwa sauti, mbele ya wenzao, na walezi wao nao wana kikao chao. Sehemu nyingi dalili za kiwewe zilishuka kuliko kwa wale ambao hawakukaa vikundini. Wafiwa wadogo ambao sisi tungewaambia usilie, wewe mwanamume.

Kwa hiyo kwa mtoto, namba ya simu ya msaada ni 116, bure, Tanzania na hata Kenya. Kwa mkubwa, nendeni hospitali ya wilaya mwulize ustawi wa jamii au kliniki ya afya ya akili. Nesi akikujibu ovyo, rudi siku ya pili umpate mwingine, nasi tuna viwewe vyetu.

Mniulize mimi nilifanya nini. Nilimhadithia mke wangu habari ya viatu. Miaka kumi na minne ya ndoa alikuwa anadhani mimi ni mpenda usafi, anawasifia hata mashoga zake: mume wangu hapendi kiatu mlangoni! Siku ile alinisikiliza hakusema kitu, akaenda akasonga ugali.

Mlio haujaacha. Muuza samaki bado anapita, na mimi bado tumbo linajikunja. Ila siku hizi mke wangu akiwa jikoni, akiusikia kabla yangu, huita kwa sauti: "Baba Asha! Muuza samaki huyo." Nami nakaa. Nikiwa na hela natoka nanunua vibua vya mia tano tano.